Futi Hamsini

Barua ilikuja na muhuri wa jimbo,
bahasha ndefu, jina la marehemu juu yake:
Bwana Verlyn Haugdahl.
Serikali huchelewa hata kupata habari za msiba.

Kandokando ya kila mfereji wa umma
ziachwe futi hamsini za nyasi za kudumu.
Atakayekaidi, faini.
Niliisoma nimesimama, koti mwilini,
theluji ya viatu ikiyeyuka mkekani.

Futi hamsini kwa nusu maili:
ekari tatu na chembe.
Nikapiga hesabu mgongoni mwa bahasha ileile,
tani kumi na tano za mahindi, deni la trekta,
na Verlyn, aliyelima mpaka ukingoni kabisa,
gurudumu moja likining'inia juu ya maji,
akirudi chakula cha jioni anacheka.

Jirani yangu Duane Schwieger alisema,
"Hawa hawajui udongo, wanajua kalamu."
Usiku akang'oa vigingi vyake
akavisogeza hatua sita kuelekea mfereji.
Nilimwona kwa taa yake ya kichwani.
Nikazima ya kwangu ya jikoni.

Aprili akaja mkaguzi wa wilaya,
Pakou Thao, mdogo wa umbo, mabuti makubwa,
akisukuma gurudumu la kupimia
tik, tik, tik, kwenye matope yangu.
Nilikuwa nimepanga maneno makali.
Akaomba maji ya kunywa.
Nikamimina kutoka kwenye dumu la dukani.
Akalitazama dumu, akalitazama bomba,
hakusema kitu.
Nikajikuta najieleza bila kuulizwa:
tangu azaliwe mjukuu wangu Signe
daktari alikataza maziwa yake yakorogwe kwa maji ya kisima,
kwamba naitreti humnyima mtoto pumzi
ndani ya damu yake mwenyewe,
akageuka buluu kwenye blanketi jeupe.
"Kipimo chenu?"
Kumi na nne.
Mwisho wa salama ni kumi.
Akanywa, akashukuru, akaendelea kupima.

Basi nikapanda.
Mbegu nyepesi kama vumbi la chai,
mwaka wa kwanza magugu matupu,
Duane akipita anapiga honi.
Mwaka wa pili nyasi zikanifika kifuani,
wakaja ndege weusi wenye kisogo cha rangi ya siagi
ambao sijawaona tangu niolewe,
na mvua kubwa ya Juni ilipopiga
tope liligota kwenye mizizi, likakaa.
Mfereji ukapita wenyewe, mwembamba, karibu mweupe.

Nikapeleka chupa tena.
Kumi na tatu na nusu.

Nilijua. Ndiyo aibu yenyewe, nilijua.
Nyasi hukamata kinachotambaa juu.
Chini, kina cha kiuno cha mtu mzima,
yako mabomba ya udongo wa kuchoma
aliyoyalaza baba mkwe mwaka wa hamsini na moja,
moja baada ya jingine, kwa magoti,
ili kinamasi hiki kiwe shamba.
Yanapita chini ya futi zangu hamsini
kama mwizi chini ya kitanda cha mlinzi.
Sheria haiyataji.
Hayamo katika ramani yoyote;
ramani ilikuwa kichwani mwa Verlyn,
na Verlyn yuko nyuma ya kanisa.

Mwaka wa tatu Pakou alipima, akaandika,
akaniambia, "Umetimiza, Bi Ardis,"
akanipa karatasi yenye saini.
Ningeipokea, nikafunga mlango.
Chai ilikuwa jikoni.

Nikamwambia asivue mabuti.
Tukashuka ukingoni kwa makalio, wanawake wawili,
nikatenganisha matete kwa fimbo.
Wiki tatu bila mvua,
na mdomo wa bomba ulikuwa unamwaga,
maji baridi, maangavu kama kioo,
mazuri kuliko yote ya shamba hili.

Hakuuliza kwa nini sasa.
Alifungua chupa kwa meno,
akainama,
nami nikamshika mkono wa koti
asiteleze.